Mnyama wa mkiani: maana yake na matunzo yake

Ukikaa dirishani kwenye uwanja wa ndege wa Denver, Marekani, ukatazama ndege za Frontier zilivyopaki, utaona kila mkia una sura yake. Huu una dubu, ule una sungura, wa pembeni una pomboo. Kila mnyama ana jina: dubu ni Grizwald, sungura ni Jack, pomboo ni Flip. Shirika hilo lilianza kuruka mwaka 1994, na katika Boeing 737 zake za mwanzo ulikuta upande wa kushoto wa mkia una mnyama mmoja na upande wa kulia una mwingine.

Mnyama wa mkiani, basi, ni picha au mchoro wa mnyama unaowekwa kwenye pezi la wima la mkia wa ndege ya abiria. Watu huchanganya mambo mawili hapa. Kuna mnyama wa nembo, yaani yuleyule kwenye ndege zote: twiga wa Air Tanzania, au kangaruu wa Qantas ya Australia, ambaye alianza kuonekana kwenye ndege mwaka 1944. Halafu kuna mnyama wa ndege moja, kama hao wa Frontier. Wapo pia waliokuja kwa njia ya sanaa: mwaka 1997 British Airways ilipopamba mikia yake kwa kazi za wasanii wa nchi mbalimbali, mmojawapo ulibeba mchoro wa wanyama na miti wa mwanamke wa jamii ya Wasan kutoka Kalahari, Botswana.

Kwa nini mkiani? Kwa sababu ndiyo sehemu inayoonekana hata ndege ikiwa imefichwa nyuma ya majengo. Ncha ya mkia wa Airbus A320 iko karibu mita 12 kutoka ardhini.

Ila mkia si ukuta, na hapo ndipo kazi ilipo. Pezi lina sehemu mbili: ya mbele imetulia, ya nyuma ni usukani unaocheza kulia na kushoto. Mnyama hulala juu ya zote mbili. Ukisogea karibu utaona mstari mwembamba umempasua shingoni au mgongoni, maana picha lazima ikatwe palepale usukani unapoungana na pezi. Mchoraji asipolijua hilo mapema, anaweza kumpasua mnyama katikati ya jicho. Qantas walikutana na jambo la namna hiyo walipokuwa wakijiandaa kupokea ndege kubwa ya Airbus A380: kwa jinsi mkia wake ulivyoundwa, miguu ya nyuma ya kangaruu ingekatika, na mwaka 2007 wakamchora upya.

Usukani una sharti lingine zito zaidi. Katika ndege nyingi umepimwa uzito ukawekwa sawa kwenye bawaba zake. Rangi nayo ina uzito. Fundi akiongeza tabaka juu ya tabaka, usukani unaweza kuanza kutetemeka hewani kwa kasi kubwa, na mtetemo huo unaweza kuuvunja. Ndiyo maana rangi ya zamani huondolewa kwanza, na baada ya kupaka, usukani hupimwa tena pale kitabu cha mtengenezaji kinapotaka hivyo. Mimi naona hapa ndipo mnyama wa mkiani anapostahili heshima yake: ni pambo, lakini linashughulikiwa kama sehemu ya ndege.

Mnyama hupakwa rangi au hubandikwa. Samaki mkubwa aina ya samoni aliyeenea mwili mzima wa ndege ya Alaska Airlines mwaka 2005 alipakwa, kazi iliyochukua siku 24. Picha zenye manyoya na mwanga wa jicho huchapishwa vipande vipande kwenye plastiki nyembamba yenye gundi, kama stika kubwa. Fundi husimama kwenye jukwaa, hupangusa mkia mpaka usibaki na chembe ya mafuta, kisha hubandika kipande huku akisukuma hewa itoke. Kila kichwa cha ribiti, yaani pini ya chuma inayoshikilia vipande vya bodi, hukandamizwa peke yake. Kipovu kidogo anachokiacha hapo chini kitavimba angani, kwa sababu mita 11,000 juu hewa ya nje inasukuma kwa takribani robo tu ya ilivyo ardhini. Mwisho kingo zote huzibwa, hasa zinazotazama mbele, kwa kuwa matone ya mvua kwa kasi ya zaidi ya kilomita 800 kwa saa huchokonoa kama mchanga.

Baada ya hapo adui ni jua. Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na jua la huko ni kali. Wakati wa theluji ndege hunyunyiziwa kemikali iliyopashwa moto ya kuyeyusha barafu. Mafuta ya haidroliki, yaani yale yanayosukuma mitambo ya ndege, yakivuja hulainisha rangi, na moshi wa injini ndogo iliyo mkiani huacha masizi. Kwa hiyo mnyama huoshwa, kingo zake hukaguliwa, na palipoanza kufunuka hukatwa kabla upepo haujachana zaidi. Sikio la dubu likichanika, kulitia kiraka si gumu. Shida ni kwamba kiraka kipya kina rangi mbichi na dubu mwenyewe amekwisha kupauka, hivyo kitaonekana kutoka mbali hadi siku atakapobandikwa upya mzima.