Seva ya video ya nyumbani na watazamaji wengi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Seva (kompyuta inayohifadhi video na kuwapelekea watazamaji) ikizidiwa, iongezewe diski.
Diski kubwa huongeza nafasi ya kuhifadhi, haiongezi uwezo wa kuhudumia watu. Video ya megabiti 8 kwa sekunde ikitazamwa na watu 10 kwa pamoja hudai megabiti 80, yaani megabaiti 10 tu kwa sekunde (megabaiti moja ni megabiti 8), kiasi ambacho hata diski ya kawaida ya kuzunguka huwa inakimudu.

Dhana: Intaneti ikiwa na kasi, idadi ya watazamaji si tatizo.
Kasi inayotajwa kwenye matangazo aghalabu ni ya kupakua, ilhali seva iliyoko nyumbani hutegemea kasi ya kupakia. Laini inayopakia megabiti 20 hubeba watazamaji wawili wa video hiyo, na akiingia wa tatu, picha huanza kukwama. Ndiyo maana ni rahisi zaidi kuwahudumia wanafunzi 30 wa hosteli moja ya Nyegezi, waliounganishwa na seva iliyomo humohumo kwa waya wa gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde) ndani ya jengo, kuliko ndugu watatu walioko Ukerewe, kwa kuwa video za hosteli hazipiti kwenye intaneti hata kidogo.

Dhana: Kila mtazamaji huilemea seva kwa kiasi kilekile.
Hili ndilo linalowagharimu watu fedha nyingi, nami naona lifikiriwe kabla ya kununua kifaa chochote. Simu au televisheni inayoweza kusoma faili jinsi lilivyo hupelekewa faili hilohilo, na prosesa haifanyi kazi ya maana. Lakini kwaya ikihifadhi video zake kwa H.265 (mfumo mpya zaidi wa kubana video), kisha mtazamaji akafungulia kwenye televisheni ya zamani isiyoielewa, Jellyfin, programu ya kuendesha seva ya video, hulazimika kuibadili video nzima kuwa H.264 (mfumo wa zamani unaosomwa na vifaa vingi) papo hapo, na watazamaji wachache wa namna hiyo huweza kuielemea prosesa ambayo ingewahudumia makumi ya wengine. Prosesa za Intel zenye Quick Sync, sehemu maalumu ya kubadili video iliyoanza mwaka 2011, hupunguza mzigo huo sana, ila matoleo ya mwanzo hayaifungui H.265. Kuandaa mapema nakala ya H.264 huondoa mzigo huo kabisa kwa kifaa cha namna hiyo, nako hakudai kifaa kipya.

Dhana: Kukodi seva ndogo ya nje humaliza tatizo.
Husaidia pale ambapo mtoa huduma wa intaneti hakupi anwani yako ya umma, yaani ile ambayo watu wa nje hutumia kuifikia seva yako. Hata hivyo, faili zikibaki Mwanza, kila video bado itatoka kwa kasi ileile ya kupakia.