Ameshachezwa, Mbona Bado Anacheza Kombolela?

Kila Januari, shule zikifunguliwa, swali la wazazi ni lilelile: "Huyu ameshachezwa (kapitishwa unyago au jando), mbona hataki kukua?" Safari hii naliandika, anayeuliza tena nimtumie asome.

Hesabu kwanza. Balehe ya msichana huanza kati ya miaka 8 na 13, ya mvulana kati ya 9 na 14. Huku kwetu kusini mwa Tanzania, Newala mpaka Nachingwea, wapo wanaopelekwa unyagoni au jandoni na miaka 7 au 8, likizo ya Desemba, hela ya korosho ikiwa bado mkononi, wadogo wakiunganishwa na wakubwa ili gharama iwe moja. Mwili haujaanza, nyie mmeshamaliza! Binti wa darasa la pili akiivua kanga yake mpya, akaitandika chini na kuchezea mdako, huo si ukaidi. Ana miaka 8. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto mpaka atimize 18, ngoma au hakuna ngoma.

Sisemi ngoma ifutwe, msinilishe maneno. Kinachonikera ni hilo neno "hataki kukua". Mara nyingi mtoto hakatai ukubwa, anakataa kitu kimoja chenye jina. Mvulana kafundishwa jandoni kwamba chumba cha wazazi hakiingiwi ovyo. Anarudi, mkeka wake umeshahamishiwa kwa kaka zake. Usiku analia, anaitwa mtoto wa mama. Huyo kapoteza pa kulala kwa siku moja, basi.

Msimuulize "kwa nini hutaki kukua?" Hata mtu mzima hana jibu la hilo. Muulizeni: "Kipi hasa hukipendi?" kisha nyamazeni, hata dakika nzima. Mtasikia giza, ndoo ya lita 20, utani wa wakubwa. Kilichotajwa ndicho kipunguzwe. Ndoo iwe ya lita 10. Mkeka usogezwe taratibu: wiki ya kwanza ubavuni mwa kitanda cha mama, ya pili mlangoni, ya tatu chumba cha pili, mlango ukiachwa wazi. Wengi huruka hatua ya mlangoni kwa sababu wiki ya kwanza imepita salama, halafu wanarudi mwanzo. Kazi mpya moja kwa mwezi inatosha.

Kukojoa kitandani nako kunabebeshwa "utoto". Aliyekaa mkavu miezi 6 au zaidi kisha akaanza tena, zahanati kwanza: mkojo upimwe maambukizi, sukari ipimwe, aulizwe kama anapata choo kigumu. Hofu tuiangalie sambamba. Na akianza ghafla kumkwepa mtu fulani, msingoje mkeka wala wiki tatu: nendeni ustawi wa jamii, au pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto.

Mtoto anayechelewa tu kuzoea na aliyekwama kabisa, siku ya kwanza wanafanana, na siwezi kudanganya kwamba mimi huwatofautisha. Huangalia usingizi, kula na shule. Viwili vikiharibika mwezi mzima, nashtuka. Mwezi huo ni mazoea ya kazi tu. Pengine wiki tatu zingetosha.

Kombolela iacheni. Kanga nayo mwacheni aitandike, kokoto za mdako hazitawanyiki juu ya kitambaa.