Jack the Ripper: Dhana potofu kuhusu mauaji ya Whitechapel, na maswali ambayo hayajajibiwa

Wanawake watano waliuawa kwa kisu mashariki mwa London, katika eneo la Whitechapel na jirani yake, mwaka 1888, katika muda wa wiki kumi tu: Mary Ann Nichols (31 Agosti), Annie Chapman (8 Septemba), Elizabeth Stride na Catherine Eddowes (wote wawili usiku wa kuamkia 30 Septemba), kisha Mary Jane Kelly (9 Novemba). Hakuna aliyehukumiwa; muuaji huyo asiyejulikana ndiye anayeitwa Jack the Ripper. Anayetaka kuielewa kesi hii hana budi kwanza kuondoa tabaka mbili zilizoifunika: habari za magazeti ya wakati ule, na kumbukumbu za maofisa walioandika miaka mingi baadaye. Maswali ya kweli yako chini ya tabaka hizo.

Dhana: Muuaji alijipa jina mwenyewe

Jina "Jack the Ripper" lilitoka kwenye barua ya wino mwekundu yenye tarehe 25 Septemba 1888. Barua hiyo haikutumwa kwa polisi wala kwa gazeti. Ilitumwa kwa Central News, shirika lililouzia magazeti habari, na ambalo wanahabari ndio waliolifahamu vizuri. Hapo ndipo shaka ilipoanzia. Mwaka 1913, John Littlechild, aliyewahi kuwa mkuu wa idara maalumu ya upelelezi Scotland Yard (makao makuu ya polisi wa London), aliandika kwamba maofisa waliamini barua ile ni kazi ya mwandishi wa shirika hilo hilo. Baada ya polisi kuisambaza hadharani, barua za kuiga zilimiminika kwa mamia.

Barua inayosumbua hasa ni nyingine. Tarehe 16 Oktoba, George Lusk, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya wakazi, alipokea kifurushi chenye barua na nusu ya figo. Eddowes alikuwa ameondolewa figo ya kushoto. Dk. Thomas Openshaw wa London Hospital aliichunguza, na magazeti yakamwekea maneno mengi kinywani, hata kwamba ilikuwa figo ya mwanamke mlevi. Aliyakana. Alichothibitisha ni kwamba ilikuwa nusu ya figo ya kushoto ya binadamu, iliyohifadhiwa katika spiriti. Mwanafunzi yeyote wa udaktari angeweza kuipata ya namna hiyo kwenye chumba cha maiti. Figo yenyewe imepotea, kwa hiyo hakuna kipimo cha leo kitakachomaliza ubishi.

Dhana: Waliouawa ni watano, basi

Jalada la polisi la mauaji ya Whitechapel lina wanawake 11, kuanzia Emma Smith wa Aprili 1888 hadi Frances Coles wa Februari 1891. Orodha ya watano ilipewa nguvu na waraka wa Melville Macnaghten wa Februari 1894, na huyo alijiunga na Scotland Yard mwaka 1889, mauaji yote matano yakiwa yamekwisha kutokea. Emma Smith kabla ya kufa alisema alivamiwa na kundi la wanaume, hivyo wachunguzi wengi humweka kando. Martha Tabram, aliyechomwa mara 39 tarehe 7 Agosti, ni suala gumu zaidi: muda na mahali vinalingana, namna ya kuua hailingani. Na ndani ya watano wenyewe, Stride ana alama ya kuuliza, maana alikatwa koo tu.

Dhana: Lazima alikuwa daktari

Hapa madaktari wenyewe hawakukubaliana, na sababu za kutokubaliana kwao ni muhimu kuliko jibu. Dk. George Bagster Phillips, aliyemchunguza Chapman, aliona dalili za ujuzi wa viungo vya mwili. Dk. Frederick Gordon Brown alisema aliyemuua Eddowes alijua viungo vimekaa wapi. Dk. Thomas Bond, katika ripoti yake ya 10 Novemba, alisema muuaji hakuwa hata na ujuzi wa mchinjaji wa ng'ombe. Lakini Bond aliuona mwili wa Kelly tu. Kuhusu wale wanne wa mwanzo alisoma maelezo ya wenzake. Kila daktari alikuwa akipima kazi iliyofanyika katika mwanga tofauti na muda tofauti, tena hakuna aliyeona yote.

Kwa kesi ya Chapman, hata saa ya kifo haieleweki. Phillips alifika kama saa 12:30 asubuhi, akakadiria kwamba amekufa kwa saa mbili au zaidi. Lakini John Richardson aliketi kwenye ngazi za ua ule ule, nyumba namba 29 mtaa wa Hanbury, muda mfupi kabla ya saa 11 alfajiri, na hakuona maiti. Elizabeth Long alisema alimwona Chapman hai akiongea na mwanamume kama saa 11:30. Phillips alikadiria kwa kugusa ubaridi wa mwili, na mwenyewe alitahadharisha kwamba asubuhi ilikuwa ya baridi na damu nyingi ilikuwa imemwagika, mambo yanayoupoza mwili haraka. Ukimwamini Phillips, muuaji alifanya kazi gizani. Ukiwaamini mashahidi, alfajiri ilikuwa imekwisha kupambazuka, ndani ya ua wa nyumba yenye wakazi 17, na hapo swali la ujuzi wake linabadilika kabisa.

Ile hadithi kwamba muuaji alikuwa daktari wa Malkia Victoria, Sir William Gull, haisimami. Alikuwa na miaka 71 na alishapata kiharusi mwaka 1887. Mjukuu wa Malkia, Prince Albert Victor, ambaye naye hutajwa, alikuwa Uskoti usiku wa Stride na Eddowes.

Dhana: Usiku wote ulikuwa wa ukungu mzito

Ukungu huo ni wa michoro na filamu. Mashahidi wanazungumzia mvua na giza la vichochoro vyenye taa chache za gesi.

Dhana: Polisi walikaa tu

Ripoti ya Inspekta Mkuu Donald Swanson ya 19 Oktoba 1888 inataja karatasi 80,000 za matangazo zilizogawiwa majumbani, watu 80 waliowekwa kizuizini, zaidi ya 300 waliochunguzwa, na wachinjaji 76 waliotembelewa. Walichokosa ni vifaa. Ofisi ya alama za vidole ya Scotland Yard ilianzishwa mwaka 1901, na mwaka huo huo ndipo kilipotangazwa kipimo cha kutenganisha damu ya mtu na ya mnyama. Kwa mwaka 1888, mchinjaji mwenye damu kwenye nguo alikuwa mchinjaji tu.

Makosa yalikuwepo, na kubwa ni la mtaa wa Goulston. Eddowes aliuawa Mitre Square, eneo la polisi wa City, yaani kitovu cha kale cha London chenye polisi wake. Konstebo Watkins alipita saa 7:30 usiku, uwanja ukiwa mtupu. Aliporudi saa 7:44 akakuta maiti. Katikati, kama saa 7:35, Joseph Lawende alimwona mwanamume na mwanamke kwenye kichochoro cha kuingilia. Kwa hiyo muuaji alikuwa na dakika zisizozidi kumi. Saa 8:55 Konstebo Alfred Long akaokota kipande cha aproni ya Eddowes mtaa wa Goulston, eneo la polisi wengine, wa Metropolitan, waliosimamia sehemu nyingine za London. Ukutani juu yake palikuwa na maandishi ya chaki yanayowataja Wayahudi, kwa tahajia ya ajabu. Polisi wa City walitaka yapigwe picha. Kamishna wa polisi wa Metropolitan, Charles Warren, akihofia Wayahudi wa mtaa ule kushambuliwa, aliamuru yafutwe kama saa 11:30 alfajiri. Hofu yake ilikuwa na msingi, lakini yangeweza kufunikwa kwa kitambaa mpaka mpiga picha afike. Konstebo Long alisema kipande kile hakikuwepo alipopita saa 8:20. Kama ni kweli, muuaji alikuwa wapi kwa zaidi ya nusu saa, huku polisi wakimsaka kila upande? Swali hili halijajibiwa.

Dhana: Vinasaba vimemtaja Kosminski

Dai hili, kwamba muuaji alikuwa mshukiwa Aaron Kosminski, hurudi kila baada ya miaka michache. Linategemea vinasaba vilivyopimwa kwenye shali ya hariri inayodaiwa kuwa ya Eddowes. Polisi wa City waliorodhesha nguo na vitu vyake vyote, hadi vipande vya sabuni na vikopo vya bati vya chai na sukari, shali haimo. Siku hizo hizo viatu vya mwenzake vilikuwa vimewekwa rehani kwa shilingi 2 na nusu ili wapate chakula. Shali ya hariri ingebaki vipi?

Upande wa maabara nako kuna pengo. Vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa upande wa mama na huwa vilevile kwa maelfu ya watu wasiojuana, hivyo vinaweza kumtoa mshukiwa, haviwezi kumtambulisha peke yake. Badiliko la vinasaba lililotangazwa mwaka 2014 kuwa adimu lilikuwa limeandikwa kwa namba isiyo sahihi. Lile halisi linapatikana kwa zaidi ya asilimia 99 ya watu wenye asili ya Ulaya. Makala ya kisayansi ya mwaka 2019 kuhusu shali hiyo ilionyesha visanduku vya rangi mahali pa mfuatano wenyewe, hivyo wataalamu wengine hawawezi kuukagua.

Aaron Kosminski, kinyozi kutoka Poland, ni mshukiwa wa haki kabisa kuchunguzwa. Lakini Swanson aliandika kwamba alifariki muda mfupi baada ya kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ilhali aliingia Februari 1891 na kufa mwaka 1919. Macnaghten naye, katika waraka wake uliotaja washukiwa watatu, alimwita Montague Druitt daktari wa miaka 41; alikuwa wakili na mwalimu wa miaka 31. Michael Ostrog, mtu wa tatu kwenye waraka huo, alikuwa jela Ufaransa. Maofisa hawa hawakusema uongo, waliandika kwa kukumbuka.

Dhana: Tunajua waliouawa walikuwa nani

Wote huitwa makahaba kwa mkupuo. Chapman aliuza vitu vya kufuma, Eddowes alikuwa ametoka kuvuna mashambani Kent. Nichols usiku ule alikosa peni 4 za kitanda. Umaskini ndio uliowaunganisha wote.

Kelly hajulikani kabisa. Alimwambia mwenzake Joseph Barnett kwamba alizaliwa Limerick, akakulia Wales, na mumewe aliyeitwa Davies alikufa katika mlipuko wa mgodi. Watafiti wamepekua daftari za vizazi, ndoa na sensa za Ireland na Wales. Hakuna aliyepatikana anayelingana naye bila ubishi. Hata saa aliyokufa ina mgogoro: majirani walisikia ukelele usiku karibu saa 10, lakini Caroline Maxwell alikula kiapo kwamba aliongea naye saa 2:30 asubuhi, saa mbili na robo kabla mwili haujaonekana kupitia dirisha lililovunjika. Korona, ofisa anayechunguza sababu za vifo, alimwonya kuwa maelezo yake yanapingana na ya wengine. Hakuyabadilisha.