Kwa nini mama mmoja wa Lubumbashi, Kongo, ana Viswahili viwili?

Jumapili asubuhi mama mudogo wangu husoma somo kanisani: «Watu wengi walikuwa wanakuja.» Saa nane yuko soko la Kenya, komini (mtaa) ya mji huo huo, mbele ya mafungu ya sombe, yaani majani ya muhogo, anamwambia jirani: «Batu banakuya mingi, lakini franga haiko», yaani watu wanakuja wengi, lakini pesa hakuna.

Kwa miaka mingi niliamini Kiswahili chake halisi ni cha sokoni, nacho kibovu, na kile cha kanisani ni nguo ya kuazima. Si kweli hata kidogo.

Sikiliza hiyo «ba». Inaanza kwenye jina, ikafuata kwenye sifa na kitendo: «batoto bakubwa banakuya.» Huo ni upatanisho kamili wa sarufi. Mji ulianzishwa mwaka 1910, na migodi ya shaba ikavuta watu kutoka Kasai, Rwanda na nchi ambayo leo ni Zambia. Kiluba na Kibemba huwataja watu kwa «ba», na wasemaji wake walipokutana katika Kiswahili hawakuiacha nyumbani.

Na nguo ya kuazima? Hapa kuna utafiti ninaoupenda sana. Allan Bell, wa New Zealand, aliwasikiliza wasomaji wa habari waliosomea vituo viwili vya redio. Sauti zile zile, studio zile zile, habari za namna moja. Ila kituo kikibadilika, na matamshi ya herufi «t» yalibadilika. Kilichotofautiana ni wasikilizaji tu. Mwaka 1984 akaandika kwamba msemaji huikata lugha yake kwa kipimo cha anayemsikiliza.

Ni kama kusonga bukari, ugali wetu. Unga ni ule ule, maji ni yale yale, lakini babu asiye na meno unamsongea laini. Hakuna aliyewahi kusema bukari laini ni ya uongo.

Hata hivyo redio ni mahali safi kwa kupimia. Sokoni mambo huchanganyika. Mama mudogo anaweza kumrukia mteja kwa Kifaransa ili mteja huyo ajione bwana wa ofisi na aone haya kupunguza bei. Hapo lugha haifuati hali, inaiunda. Bell naye alilitambua hilo.

Juzi katekista wa kanisani kwake alifika mezani. Msikilizaji yule yule wa asubuhi. Yeye ndiye alianza: «Mama, sombe iko bei gani?»

«Kamata tu, mwalimu. Tutasikilizana.»