Kamera Inaona Lakini Haisikii: Anza na Kadi, Si Bisibisi

Wengi wanaonipigia simu kuhusu kamera ya nyumbani wana maneno yaleyale: "Fundi, maiki imekufa." Picha ni safi, usiku inaona vizuri, ila sauti hakuna. Kwa miaka yote niliyofunga na kutengeneza kamera hizi, maikrofoni yenyewe imekuwa na kosa mara chache sana. Sauti hupotelea njiani, na kazi ni kujua imepotelea wapi kabla ya kufungua chochote.

Njia yenyewe ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Sauti inaingia kwenye kitundu, maikrofoni inaigeuza kuwa umeme, kamera inaibana na kuifungasha pamoja na picha, kisha inakwenda kwenye kadi au kwenye kirekodi, kile kisanduku kinachohifadhi video za kamera, au inapita kwenye ruta hadi kwenye simu yako. Ikikatika popote hapo, wewe utakachopata ni kimya kilekile.

Kwa hiyo nina kipimo kimoja ninachoanza nacho siku zote. Simama kama mita moja mbele ya kamera, piga makofi matatu, kisha hesabu hadi kumi kwa sauti ya kawaida. Zima kamera, chomoa kadi ya kumbukumbu, uicheze kwenye kompyuta. Ukijisikia ukihesabu, maiki ni nzima na kamera haina kosa; katafute kwenye kirekodi, simu, programu au mtandao. Usipojisikia, basi shida iko kwenye kamera au mipangilio yake. Dakika tano, na nusu nzima ya tatizo umeshaiweka kando.

Tuseme kadi iko kimya. Fungua mipangilio kwanza. Baadhi ya kamera hutoka kiwandani sauti ikiwa imezimwa, na kuna sababu: nchi kadhaa zina masharti makali zaidi kwa kurekodi mazungumzo ya watu kuliko kwa kurekodi picha. Angalia pia kama kuna swichi mbili, moja ya maikrofoni na nyingine ya kurekodi sauti, kwa sababu watu huwasha ya kwanza wakadhani wamemaliza. Na kama kamera inatoa mikondo miwili ya video, mkubwa na mdogo, kila mmoja unaweza kuwa na swichi yake ya sauti. Ndiyo maana mtu anasikia vizuri akifungua picha kubwa, lakini akirudi kwenye vidirisha vidogo sauti inakatika. Ikiwa kamera imepata sasisho hivi karibuni, kagua yote upya; mipangilio huweza kurudi ilivyokuwa mwanzo.

Halafu kitundu. Mara nyingi kipenyo chake hakifiki hata milimita moja. Mama mmoja aliniita baada ya mafundi wawili kumshauri anunue kamera mpya. Nilipoishusha na kuigeuza kwenye mwanga, nikaona ukingo wa nailoni unang'aa kandokando ya lenzi. Ni ile nailoni nyembamba ya kiwandani inayokinga uso wa kamera isikwaruzwe. Mbele ya lenzi ilikuwa imekatwa duara, kwa hiyo picha haikuguswa, lakini chini yake ilifunika kitundu cha maiki sawasawa. Niliibandua kwa ukucha. Mama alikuwa ameshika simu chumba cha pili, akaita, "Nakusikia!" Iliniuma kwamba alikaribia kutupa kamera nzima.

Nje ya nyumba huwa ni vumbi, utando wa buibui, rangi ya ukuta, au nyigu aliyeziba kwa udongo. Hapa naomba sana: usiingize sindano. Maikrofoni za siku hizi zina kiwambo cha silikoni, chembamba kuliko unywele, na mara nyingi kimekaa nyuma tu ya kitundu hicho. Sindano inakitoboa, na hewa ya kopo la shinikizo inaweza kukipasua vilevile. Tumia brashi laini kavu, kitundu kikiangalia chini ili uchafu udondoke nje. Kamera za nje nyingi zina pia utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Ukilowa, sauti inakuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Acha ukauke siku moja au mbili kabla hujaamua lolote.

Sauti ikiwepo lakini imejaa mvumo, shuku umeme. Mvumo mzito usiobadilika hutokana na umeme wa nyumbani, wa hezi 50 au 60 kulingana na nchi. Kama kamera yako inatumia volti 5, ilishe kwa pawabenki. Mvumo ukitoweka, kosa liko kwenye adapta au waya. Na kama kelele inakuja usiku tu, fanya hivi mchana: ziba kihisi cha mwanga kwa kidole mpaka kamera iingie hali ya usiku. Kelele ikianza papo hapo, chanzo ni taa za infraredi, zile zinazoisaidia kamera kuona gizani. Zikiwaka zinavuta umeme mwingi, na adapta dhaifu au waya mwembamba mrefu hauhimili. Badilisha hivyo, usiguse maiki.

Sasa kadi ina sauti lakini kirekodi hakina. Hili huwatesa wanaochanganya vifaa vya watengenezaji tofauti. Picha inaeleweka pande zote mbili, usimbaji wa sauti, yaani namna sauti inavyobanwa na kufungashwa, hapana. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, na kwenye aina ya usimbaji wa sauti ondoa AAC, weka G.711. Ni kiwango cha mwaka 1972, kinachukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo muziki hautapendeza, lakini maneno utayasikia, na karibu kila kirekodi kinakielewa. Kina sura mbili, A na mu. Moja ikigoma jaribu ya pili.

Kwenye simu, angalia alama ya spika ndani ya programu, maana nyingi hufunguka zikiwa kimya. Angalia na bluetuthi: sauti yako huenda inatokea kwenye spika ya sebuleni. Ruhusa ya maikrofoni kwenye simu inahusu wewe kuongea, si kusikiliza, kwa hiyo kuiwasha hakutarudisha sauti ya kamera. Na kwenye kamera za kupokezana, ukibonyeza kitufe cha kuongea, maiki ya kamera inazimwa makusudi mpaka uachie.

Kuna malalamiko moja ambayo si ubovu kabisa: "Getini sisikii." Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti inashuka desibeli 6. Aliye mita 8 anafika amepungua desibeli 18 kuliko aliye mita 1. Ukipandisha kiwango cha maiki, unapandisha na upepo pamoja naye. Kama kamera ina tundu la kuingiza sauti, funga maikrofoni ya nje karibu na geti, chini ya kivuli cha paa, mbali na feni ya kiyoyozi. Maiki yenye kikuza sauti chake huchaguliwa "laini" kwenye mipangilio, isiyo nacho huchaguliwa "maiki". Ukikosea, utapata mkwaruzo au mnong'ono. Kisha simama getini uhesabu tena hadi kumi, mara moja mchana na mara moja taa za usiku zikiwa zimewaka.