TB kwa wakimbizi: kupimwa si mtego

"Ukikutwa na TB, safari imekufa." Hakuna maneno yenye madhara zaidi ya haya kwa wakimbizi wanaosubiri kuhamishiwa nchi ya tatu, yaani si walikotoka wala walikokimbilia kwanza. Kwa hofu hiyo, mtu anakunywa dawa ya kikohozi asubuhi ya uchunguzi wa afya wa kabla ya safari, au anasema hana homa ilhali usiku shuka zinalowa jasho. Kwa wanaokwenda Marekani, kwa mfano, mwenye TB inayoambukiza husubirishwa hadi atibiwe, kisha huendelea na safari. Mwenye vimelea vilivyolala tu, asiyeumwa, hazuiwi. Na aliyekwisha kupokelewa asiogope: Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 hautaji ugonjwa kuwa sababu ya kumrudisha mtu alikokimbia. Anayeficha anajichelewesha mwenyewe, tena anawaweka watoto wake hatarini. Isitoshe, picha ya kifua haihongwi kwa dawa ya kikohozi.

"Sikohoi, nipimwe nini?" Takriban robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa vimelea vya TB. Kati yao, watu 5 hadi 10 katika kila 100 huja kuugua, hasa ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Njaa, VVU na kisukari huongeza hatari, na njaa wakimbizi wengi wanaijua vizuri. Ugonjwa wenyewe pia unaweza kuwa umeanza kabla kikohozi hakijatokea, ndiyo maana hata anayejiona mzima hupigwa eksirei. Kikionekana kitu cha kutilia shaka, makohozi hupimwa. Asiyeumwa lakini ana vimelea vilivyolala anaweza kupewa dawa za kinga. Mpango mmojawapo ni dozi moja kila wiki kwa wiki 12.

"Nilichanjwa utotoni." Chanjo ya BCG, inayotumika tangu 1921, huwakinga watoto wadogo dhidi ya TB kali, kama ile ya utando wa ubongo. Kwa mtu mzima haitoshi.

"TB huambukizwa kwa kuchangia kikombe." Hapana. Hupita hewani, mgonjwa wa mapafu anapokohoa au kuzungumza. Badala ya kumtengea sahani, fungueni madirisha.

"Wakimbizi ndio wanaotuletea TB." Lawama hii imekaa upande. Wengi wanaougua baada ya kufika ugenini huwa vimelea walivyovipata zamani vimeamka mwilini mwao, na aliye hatarini kwanza ni mkimbizi mwenyewe: msongamano, lishe duni, matibabu yaliyokatizwa njiani.

"Nimepata nafuu, dawa za nini tena?" Tiba ya kawaida ni miezi 6, na kuacha katikati kunaweza kuzaa TB sugu, isiyosikia dawa za kawaida. Ikibidi kuhama kabla ya kumaliza, omba barua ya rufaa yenye majina ya dawa na tarehe uliyoanza, pamoja na vidonge vya kukufikisha kliniki ijayo.