Kabla Hujasaini: Nani Atakupangia Miradi?

Wanaoniomba ushauri wakiwa na ofa mbili au tatu za kampuni za ushauri huja na jedwali: mshahara, bonasi ya kusaini, jina la kampuni. Nimewahi kukaa upande wa pili, nikiwapangia washauri miradi, kwa hiyo jedwali nalisoma kwa adabu kisha naliweka kando. Ninachotaka kujua ni nani atakayeamua utafanya kazi gani ukishaingia.

Hapo ndipo ofa zinazofanana hutengana. Kuna kampuni zinazowahesabu washauri wake wote kama kundi moja, na ofisi yoyote inaweza kukuomba. Utasafiri sana na utaona mengi. Kwingine kila ofisi hula ilichowinda: unafanya kazi iliyouzwa na wabia, yaani wakubwa wenye sehemu ya umiliki wa kampuni, wa hapo ulipo. Kama ofisi hiyo inaishi kwa benki moja kubwa, wewe utakuwa mtu wa benki, hata kama kwenye usaili mliongea nishati na afya tu. Halafu kuna utaratibu usioandikwa popote, soko la ndani, ambapo unawafuata mameneja mwenyewe kuomba mradi. Mwenye haya hukaa benchi, na saa ambazo hakuna mteja aliyezilipia hurudi kumsuta siku ya tathmini. Nimewaona vijana hodari wakiondolewa hivyo, kwenye kampuni zenye kanuni ya panda cheo au ondoka.

Usimuulize mbia mambo haya. Mbia anauza, ndiyo kazi yake. Tafuta mshauri wa mwaka wa pili katika ofisi ileile utakayokwenda, umuulize miradi yake mitatu ya mwisho ilikuwa ipi na aliipataje. Akianza kuzungumzia utamaduni wa kampuni badala ya miradi, umeshajibiwa.

Ofa ikitoka Deloitte, PwC, EY au KPMG, kampuni ambazo pia hukagua hesabu za kampuni nyingine, ongeza swali la ukaguzi huo. Sheria ya Sarbanes-Oxley ya Marekani, ya mwaka 2002, inamzuia mkaguzi wa kampuni iliyo kwenye soko la hisa la huko kuiuzia huduma nyingi za ushauri, na nchi nyingine nazo zina vizuizi vyake. Kwa hiyo mteja unayemtamani anaweza kuwa mlango uliofungwa kwa sababu tu wenzako wanamkagua. Hata hisa zako binafsi katika kampuni inayokaguliwa unaweza kutakiwa kuziuza.

Jina la kampuni lina uzito, sikatai, hasa unapotafuta kazi inayofuata. Lakini lisikulevye. Monitor, kampuni ya ushauri ambayo Michael Porter, profesa wa Harvard, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Novemba 2012, na Deloitte ikainunua mwaka uliofuata. Booz & Company ilimezwa na PwC mwaka 2014 ikaitwa Strategy&. Na mwaka 2023 kampuni kadhaa kubwa ziliwasogezea waajiriwa wapya tarehe ya kuanza kazi, wengine kwa miezi mingi. Basi uliza kama tarehe yako imo ndani ya mkataba au ni maneno ya barua pepe.

Pesa sasa. Bonasi ya kusaini mara nyingi ni deni mpaka utimize muda uliotajwa. Mimi niliondoka nikiwa katika mwezi wangu wa kumi kazini kwenye kampuni niliyoichagua kwa bonasi yake, nikagundua kifungu kinadai kiasi chote kabla ya kodi, wakati mimi nilipokea kilichobaki baada ya kodi. Nilikuwa nimekisoma kifungu hicho, lakini bila kalamu mkononi. Mshahara kwa mhitimu mpya huwa umefungwa kwa daraja, hausogei sana. Mwenye uzoefu apiganie daraja lenyewe, maana kuanza ngazi moja chini kunaweza kukugharimu miaka miwili ya kupanda. Muda wa kujibu nao huongezwa ukiomba kwa maandishi ukataja siku.

Ukishaamua, mpigie simu unayemkataa kabla hujamwandikia. Niliyempigia hivyo alinyamaza kidogo, akaniuliza naenda wapi, nikamwambia. Miaka sita baadaye alikuwa ndiye mteja, na mimi ndiye niliyekuwa nje ya mlango wake na makabrasha.